Udongo Mwekundu Ndani ya Kompyuta: Vidokezo vya Kuchagua Programu ya Tekscha za Katuni

Tuseme unatengeneza katuni ya kompyuta ambayo hadithi yake inatokea Mashewa. Mtoto anatoka shule, anapita kando ya shamba la mkonge, Usambara ya Mashariki iko upande mmoja na ya Magharibi upande wa pili, na barabara ya vumbi inaelekea Magoma na Korogwe mjini. Mtoto umeshamchonga, nyumba umeshazijenga, lakini kila kitu bado ni kijivu kitupu. Kilichobaki ni tekscha: rangi, nyufa, kutu, vumbi, ulaini wa hiki na ukali wa kile.

Unaweza kupiga picha ukuta wa kweli, ukaibandika kwenye ukuta wa katuni. Unaweza pia kuipa kompyuta kanuni, nayo ikakuzalishia ukuta kwa hesabu, mpana utakavyo na uliochakaa utakavyo. Njia hii ya pili ndiyo ya tekscha za kanuni. Programu zake ni nyingi, kuanzia za bure hadi za kulipia kila mwezi, na anayeanza huchanganyikiwa. Ushauri wangu nausema mapema: chagua kwa kuangalia udongo, kuta na majani ya kwenu, pamoja na mashine uliyo nayo. Umaarufu wa programu uje baadaye kabisa.

1. Toka nje na daftari kabla ya kupakua chochote

Andika vitu ambavyo katuni yako itavionyesha kwa karibu. Kwa Mashewa orodha haikawii kujaa: udongo mwekundu, ukuta wa fito, tofali za kuchoma, bati lenye kutu, jani la mkonge, singa zilizoanikwa, gome la mwembe, mkeka, kanga ya mama.

Kisha weka alama kwenye kila kinachofuata kanuni. Kutu hufuata kanuni, kwa kuwa huanzia kwenye misumari na kingo. Nyufa nazo hufuata kanuni, na udongo vilevile. Kanga ni nusu kwa nusu: pindo lina maua yanayojirudia, na programu itakurudishia maua hayo vizuri sana, lakini mji na jina vilichorwa na mtu aliyefikiri. Hivyo vichore kwa mkono katika Krita au Inkscape, zote za bure, halafu uvilete kama picha. Usiitese programu ya kanuni kwa kazi isiyo yake.

2. Vya kawaida chukua, vya kwenu tengeneza

Poly Haven, maktaba iliyoanzishwa na Greg Zaal wa Afrika Kusini, na ambientCG hutoa tekscha za bure kwa leseni ya CC0. Unaruhusiwa kuzitumia hata kwenye kazi ya biashara bila kuomba ruhusa wala kumtaja mtu. Mchanga, mawe, majani makavu na saruji chukua huko. Singa za mkonge zinazopigwa na jua kwenye nyaya nje ya korona, mashine ya kuchakata mkonge, utazitafuta sana, na hata ukizipata hazitakuwa za bonde lenu la Lwengera. Hapo ndipo programu ya kanuni inapoanza kukulipa.

3. Usiogope kuchagua vibaya

Ndani ya karibu programu zote hizi mna misingi ileile. Ken Perlin alishiriki kwenye filamu ya Tron ya mwaka 1982, akachoshwa na picha za kompyuta zilizoonekana za mashine mno. Akabuni hesabu ya kuleta bahati nasibu iliyo laini, ambayo rangi hubadilika taratibu bila kurukaruka. Aliieleza kwa wataalamu wenzake mwaka 1985, na mwaka 1997 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ikampa tuzo ya ufundi kwa ajili yake. Ndiyo Noise unayoikuta leo kila mahali. Mwaka 1996 Steven Worley akaongeza hesabu ya vyumba vyumba, inayotoa magamba, kokoto na ardhi iliyopasuka kwa ukame. Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni, huiita Voronoi.

Ukizielewa hizo mbili, ukajua kuzichanganya na kuzipaka rangi, utahama programu moja kwenda nyingine kwa siku chache. Kwa hiyo anza na unayoweza kuipata leo.

4. Ipime programu kwa ukuta mmoja

Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote. Usiipime programu kwa kutazama video za mafundi wake. Ipe kazi moja ya nyumbani: ukuta wa fito na udongo.

Ukuta huo una mambo manne. La kwanza ni udongo wenyewe, ambao hauna rangi moja. Chukua Noise ya chembe kubwa ibadilishe rangi polepole kutoka wekundu hadi hudhurungi, kisha Noise ya pili ya chembe ndogo ilete mchanga na vijiwe. La pili ni nyufa. Tumia Voronoi, uiambie ipime umbali hadi ukingo wa kila chumba, nawe utapata mistari myembamba. Ivuruge kidogo kwa Noise, maana ufa wa udongo haunyooki. La tatu ni pale udongo ulipobanduka na fito zikaonekana: Noise iliyokatwa kwa ukali hukupa mabaka, na chini ya mabaka hayo unaweka mistari ya fito zilizolala na zilizosimama.

La nne husahaulika, nalo ndilo linaloikalisha nyumba ardhini. Mvua ya masika inapopiga uwanja, matone hurusha matope ukutani. Sehemu ya chini ya ukuta hubaki na mkanda mwekundu, mzito karibu na ardhi, ukififia kadiri unavyopanda. Kwenye nyumba iliyopakwa chokaa mkanda huo huonekana ukiwa mbali. Kwa kanuni ni rahisi: nodi, yaani kisanduku cha hesabu, ya Gradient kutoka chini kwenda juu, ukingo wake ukiliwa na Noise.

Hapo ndipo utakapoona tofauti kubwa kati ya aina mbili za programu. Substance Designer na Material Maker hutengeneza kipande cha mraba kinachojirudia bila mshono. Kwa udongo wa uwanja na tofali za kuchoma ni hodari kabisa, lakini kipande cha mraba hakijui ardhi iko wapi, kwa hiyo mkanda wa matope hauwezi kukaa humo. Ukiuweka utajirudia hadi kwenye paa. Nodi za Blender hufanya hesabu juu ya nyumba yenyewe, mahali ilipo, kwa hiyo zinajua chini ni chini. Katuni yako ikiwa na nyumba, miti na watu waliochafuka kwa namna zao, Blender itakufaa zaidi. Ikiwa unatengeneza vifaa vya mchezo wa kompyuta, ambavyo vitahamishiwa kwenye injini nyingine, mraba unaojirudia ndio utakaokufaa.

Ukimaliza jiulize: ukibadilisha namba moja, unaona matokeo papo hapo? Ukirefusha ukuta, nyufa zinabaki na ukubwa wake au zinavutika? Na kesho ukiifungua kazi hiyo, utaelewa ulichokifanya?

5. Isikilize mashine yako

Picha moja ya tekscha yenye pikseli 4096 kwa 4096 hula megabaiti 64 za kumbukumbu ikishafunguliwa. Kitu kimoja kikiwa na ramani tano, yaani rangi, mng'ao, kimo, normali na kivuli cha mifinyo, hiyo ni megabaiti 320. Vitu kumi vya namna hiyo ni gigabaiti 3 na zaidi, na kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8 itaanza kuhema. Shuka hadi 2048 kwa 2048, mzigo utapungua mara nne. Kwa katuni itakayotazamwa kwenye simu hakuna atakayeona tofauti.

Kanuni zenyewe hazili kumbukumbu hivyo, lakini hudai hesabu katika kila fremu. Sekunde moja ya katuni ina fremu 24, na ukuta wenye nodi sitini unapigiwa hesabu upya mara zote 24. Kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki ya nguvu, njia ya kati ni hii: tengeneza kwa kanuni, kisha zigeuze kanuni ziwe picha kabla ya kutoa filamu. Blender inaiita kazi hiyo Bake. Programu isiyoweza kufanya hivyo iache.

Blender za mfululizo wa 4 huomba angalau RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya grafiki inayoelewa OpenGL 4.3. Kama mashine yako ni ya zamani, tovuti ya Blender imehifadhi matoleo ya nyuma. Toleo la 2.79 hufunguka hata kwenye mashine ya OpenGL 2.1, na Noise na Voronoi zimo.

6. Soma leseni kama unavyosoma mkataba wa shamba

Blender ni huria. Mwaka 2002 Ton Roosendaal, Mholanzi aliyeianzisha, alichangisha euro 100,000 kutoka kwa watumiaji ili kuinunua iwe huria, na tangu hapo ni ya bure kwa kila mtu, hata kwa kazi ya kuuza. Asiyeamini kwamba kitu cha bure kinaweza kufika mbali aitazame Flow, filamu ya paka iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia. Ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ikashinda Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni.

Material Maker nayo ni huria, imejengwa juu ya injini ya Godot, na ina nodi za mtindo wa Substance. Kwa mwanafunzi asiye na fedha ni shule nzuri.

Substance 3D Designer ilibuniwa na kampuni ya Allegorithmic ya Ufaransa, ambayo Adobe iliinunua mwaka 2019. Studio kubwa za filamu na michezo huitumia sana. Ni programu bora, sina shaka nayo, lakini hulipiwa kwa dola kupitia kadi, na kompyuta inatakiwa kuingia mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha leseni. Intaneti yako ikiwa ya kuvizia, hesabu hilo kabla ya kulipa.

Houdini Apprentice ni ya bure, lakini ni ya kujifunzia tu: filamu inayotoka ina alama ya maji na ukubwa wake umewekewa mpaka. Usimpe mteja kazi iliyotengenezwa humo.

Programu za wizi usiziguse. Huleta virusi, na kazi yako ya mwaka mzima inaweza kupotea kwa usiku mmoja.

7. Amua mtindo kwanza

Si kila katuni inataka ukweli wa picha. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ilichukua sura yake kutoka kwa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyefariki mwaka 1972. Rangi zake ni kali na bapa, wanyama wamejaa madoa. Ubongo Kids, iliyoanza kuonekana kwenye televisheni ya Tanzania mwaka 2014, ina picha bapa zilizo rahisi, na watoto wanaipenda hivyohivyo. Kwa upande mwingine kuna Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, iliyomo katika mkusanyiko wa katuni fupi uitwao Kizazi Moto wa mwaka 2023, ambayo imeupeleka uchungaji wa ng'ombe kwenye ulimwengu wa mitambo.

Ukitaka mtindo wa Tingatinga, Voronoi yenye duara na Color Ramp yenye mipaka mikali vinakutosha, na kompyuta ndogo itabeba. Ramani tano za mng'ao na kimo huzihitaji. Wengi hulipia nguvu ambayo mtindo wao hautaitumia.

8. Hakikisha tekscha inamganda mhusika anayetembea

Programu nyingi hujaribiwa kwa tufe lililotulia. Mhusika wa katuni hukunja magoti. Ukiweka Noise kwenye kaptura ya mtoto kwa kutumia viwianishi vya Object, Blender hupima nafasi ya kila nukta baada ya mguu kukunjwa, na madoa yatateleza juu ya nguo kila anapopiga hatua. Tumia Generated, ambayo hushika umbo la mwanzo kabla ya kukunjwa, au UV. Kwa kuta na miamba isiyokunjika, Object haina tatizo.

Angalia pia kumeta. Chembe ndogo mno zikionekana kwa mbali huchezacheza kamera inaposogea, hata kama picha moja ilionekana safi. Kabla ya kuikubali programu yoyote toa sekunde mbili za filamu, usiridhike na picha moja.

9. Tafuta programu inayokupa nyumba ishirini kutoka kwenye moja

Kijiji hakina kuta mbili zinazofanana. Ukibandika picha ileile kwenye nyumba ishirini, mtazamaji atauona ufa uleule ukijirudia. Kwenye kanuni unabadilisha namba ya kuanzia tu. Blender ina Object Info, inayokipa kila kitu namba yake ya Random. Iunganishe na nafasi ya Noise na umri wa kutu, na kila nyumba itachakaa kivyake. Substance Designer ina Random Seed inayofanya kazi hiyohiyo.

Mkonge unafurahisha zaidi, kwa sababu shamba lenyewe lilipandwa kwa kanuni. Mpango mmojawapo unaotumika ni mistari ya jozi: mita 4 kati ya jozi na jozi, mita 1 kati ya mistari ya jozi moja, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Hiyo ni miche 5,000 kwa hekta. Weka namba hizo kwenye Geometry Nodes za Blender, shamba litasimama mbele yako lilivyo. Kisha ligeukie jani. Lina mistari ya urefu inayofifia, ambayo Wave iliyovutwa huitoa vizuri, lina utando mwepesi wa nta unaopunguza mng'ao, na lina mwiba mweusi nchani. Chotara 11648, mkonge uliozalishwa hapahapa Tanga, una majani yake na mkonge wa zamani una yake. Nenda ukayaangalie yaliyo karibu nawe kabla ya kuchagua rangi. Mkonge huo wa zamani uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Mwaka huohuo ua dogo la zambarau la Usambara lilipewa jina la kitaalamu Saintpaulia. Ukitaka kulitengeneza, ujue majani yake yana vinyweleo, na vinyweleo vinahitaji mfumo wa nywele. Tekscha peke yake haitoshi.

10. Piga picha za rejea kwa simu, kwa akili

Kwa rangi, piga kivulini au siku ya mawingu, maana jua la saa sita huunguza wekundu wa udongo. Kwa ukwaruzo, piga asubuhi au jioni jua likiwa limelala, mabonde madogo yatajionyesha. Weka kitu cha kipimo ndani ya picha, hata kiberiti. Ukisoma rangi kutoka kwenye picha, ramani yako ya rangi ikae kati ya 30 na 240 katika kipimo cha 0 hadi 255. Nje ya hapo taa za programu hukosea.

11. Uliza inatoa nini

PNG ni lazima. EXR au PNG ya biti 16 ni lazima kwa ramani ya kimo, kwa kuwa biti 8 hutoa ngazi 256 tu na mteremko laini utaonekana na vidaraja, wakati biti 16 hutoa ngazi 65,536. Ramani ya normali ina tabia mbili: Blender, Unity na Godot hufuata OpenGL, Unreal hufuata DirectX. Nyufa zikionekana kama zimevimba badala ya kuzama, geuza mkondo wa kijani, tatizo limekwisha.

12. Siku ukipata intaneti nzuri, chukua vyote kwa mkupuo

Ukifika Korogwe mjini, pakua programu, mwongozo wa Blender, ambao hutolewa mzima ili usomwe bila intaneti, na tekscha chache za CC0. Chagua toleo la LTS, linalotunzwa kwa miaka miwili, usije ukalazimika kupakua upya kila baada ya miezi michache. Usizime kuhifadhi kiotomatiki, ambako Blender hufanya kila dakika mbili, kwa sababu umeme haubishi hodi unapokatika.

Faili la nodi lisilo na picha ndani, likibanwa, ni jepesi kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp. Mwenzako wa Handeni anaweza kukutumia kutu yake, nawe ukamtumia matope yako, bila kumaliza bando.

13. Programu ya kulipia ingojee mteja

Siku studio ya Dar es Salaam au Nairobi itakapokutaka uwape kazi kwa faili za Substance, lipia miezi ile tu ya kazi hiyo na uiweke gharama kwenye bei yako tangu mazungumzo ya kwanza. Kabla ya usajili kuisha, toa kila tekscha kama picha na uihifadhi mahali pawili, kwa sababu faili za Designer utashindwa kuzihariri leseni ikishafungwa.